Simu za ofisi kwa intaneti: WhatsApp, PABX yako au ya kukodi, na vifaa vya kuzibeba

Ofisi ninayoizungumzia hapa ina meza kati ya nane na ishirini: zahanati, shule binafsi, hoteli ndogo, wakala wa mizigo bandarini. Intaneti ipo, kompyuta zipo, simu zinapigwa kutwa nzima, ila kila mfanyakazi anatumia simu yake ya mkononi. Mwenye ofisi anataka namba moja inayojulikana kwa wateja, anataka mapokezi waweze kumhamishia mhasibu simu ya mteja, na anataka gharama ya vocha ipungue. Akienda kuulizia, kila muuzaji anamwambia kilichopo kwenye rafu yake ndicho bora.

Nafunga mitandao ya ofisi za namna hii, na msimamo wangu ni kwamba pesa ya kwanza iende kwenye swichi (kifaa kinachounganisha vifaa vya ofisi kwa kebo), kebo na umeme. Simu yenyewe iwe ya mwisho. Simu ya bei kali ikikaa juu ya mtandao mbovu itakatakata tu, na simu ya kawaida kabisa ikikaa juu ya mtandao uliotulia itasikika kama mtu yuko chumba hicho hicho. Nitalinganisha kwanza njia za kupiga simu, kisha laini za intaneti, kisha vifaa. Hapo kwenye vifaa nitakaa zaidi, maana ndipo ofisi nyingi zinapopoteza pesa.

Sauti inasafirije

Simu ya mezani ya zamani ilishikilia njia nzima kwa ajili ya watu wawili, tangu wanapoitana hadi wanapokata. Simu ya intaneti haishikilii njia. Inachukua sauti na kuikata vipande vya milisekunde 20, kila kipande, yaani pakiti, kinaandikiwa anwani na kutumwa peke yake. Sekunde moja ya maongezi ni pakiti 50 za kwenda na 50 za kurudi. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo karibu kila simu ya mezani ya IP, yaani ya intaneti, inaielewa, pakiti moja hubeba baiti 160 za sauti na baiti 40 za maelezo ya safari: katuma nani, inakwenda kwa nani, ni ya ngapi kwenye mstari. Jumla baiti 200, mara 50 kwa sekunde: kilobiti 80 kila upande. Ukiongeza kile ambacho kebo ya Ethernet yenyewe inadai, unafika kama kilobiti 87.

Kwa hiyo watu kumi wakiongea kwa wakati mmoja hawamalizi hata megabiti moja ya kwenda na moja ya kurudi. Anayekushauri upandishe kifurushi hadi megabiti 50 kwa sababu ya simu hajapiga hesabu.

Kinachoua simu ni kuchelewa na kuyumba. Faili likipoteza pakiti njiani, kompyuta inaomba itumwe tena na hakuna anayejua. Sauti haina nafasi hiyo: pakiti iliyochelewa ni sawa na abiria aliyefika stendi basi limeshaondoka, hata akifika mzima haina maana tena. Shirika la ITU, la mawasiliano chini ya Umoja wa Mataifa, katika pendekezo lake la G.114, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Ikizidi hapo kwa mbali watu wanaanza kukatizana maneno: unadhani mwenzio amenyamaza, unaanza kusema, kumbe jibu lake lilikuwa njiani.

Njia nne za kupiga na kupokea

Ya kwanza ni laini ya kawaida ya simu ya mkononi, iliyosajiliwa kwa jina la ofisi na kukaa mapokezi na kifurushi chake cha dakika. Kama mko watatu chumba kimoja, ishieni hapo, msinunue kitu kingine. Inafanya kazi umeme ukikatika, inapiga 112 ya dharura, haihitaji fundi. Shida inaanza watu wakiongezeka: mteja wa pili akipiga wakati wa kwanza bado anaongea hapati mtu, na mapokezi hawawezi kumpeleka mteja kwa mhasibu ila kwa kumtajia namba nyingine apige upya. Wengi hawapigi.

Ya pili ni WhatsApp, na inatumika sana kwa sababu za msingi. Mteja tayari anayo. Kumpigia ndugu wa mgonjwa aliyeko London au Toronto hakuli dakika za laini. Sauti imesimbwa mwanzo hadi mwisho. Tena programu za namna hii hutumia kodeki zinazojipunguza zenyewe laini ikidhoofika. Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Ndiyo maana mahali ambapo simu ya mezani ya IP inagugumia, WhatsApp bado inaeleweka.

Lakini WhatsApp imejengwa kwa ajili ya mtu, na ofisi si mtu. Akaunti imefungwa kwenye namba moja, na ukiacha simu yenyewe unaweza kuunganisha vifaa vinne tu. Hakuna ekstensheni (namba fupi ya ndani ya kila meza), hakuna foleni ya wanaosubiri, huwezi kupokea simu kisha ukaihamishia chumba namba tatu. Haipigi namba ya mezani wala ya dharura. Wenye wateja Dubai wanajua jambo jingine: Falme za Kiarabu kwa miaka mingi zimezuia simu za sauti za WhatsApp, kwa hiyo ujumbe unafika lakini simu haiiti.

Zaidi ya yote hayo, jiulize namba ni ya nani. Ofisi nyingi namba ya WhatsApp inayojulikana kwa wateja ni ya dada wa mapokezi mwenyewe, laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Siku akipata kazi kwingine anaondoka na wateja wote mfukoni, bila kosa lolote la kwake. Ukichagua WhatsApp, sajili laini kwa jina la ofisi kabla hujaichapa kwenye kibao cha mlangoni.

Njia ya tatu na ya nne zote ni PABX ya IP. Tofauti ni mahali inapokaa. PABX ya IP ni kompyuta inayojua nani yuko ekstensheni gani na inamwita. Lugha yake ni SIP, iliyotoka mwaka 1999 na kuandikwa upya 2002. SIP kazi yake ni kuita, kupokea na kukata. Sauti yenyewe inapita kwa itifaki nyingine iitwayo RTP. Mwaka huo huo wa 1999 Mark Spencer, kijana wa Alabama, Marekani, aliyekuwa na kampuni changa na hana pesa ya kununua PABX, aliandika ya kwake na kuitoa bure kwa jina la Asterisk. Hadi leo inaendesha mitambo mingi ya ofisi, mingine ikiwa kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja.

Faida ya lugha moja ni kwamba hufungwi na chapa. Simu za Yealink, Grandstream na Fanvil zinaweza kukaa kwenye PABX moja. Muuzaji akikuletea mtambo unaokubali simu za kampuni yake peke yake, fikiri mara mbili, maana kila simu itakayoharibika utairudia kwake kwa bei yake.

Namba ya nje, ile ya 022 kwa Dar es Salaam au 020 kwa Nairobi, unaipata kwa kampuni yenye leseni inayokuuzia laini ya SIP. Laini moja ya SIP inaweza kubeba simu kadhaa kwa pamoja chini ya namba ile ile, kwa hiyo mteja wa pili na wa tatu hawakuti namba inatumika. Hapa nitoe onyo. Kuna watu wanauza vifaa vya kuchomeka laini nyingi za SIM na kukuambia utapokea simu za nje ya nchi kwa intaneti na kuzitoa kama simu za ndani. Hilo ni kosa la jinai, na Tanzania watu wamefikishwa mahakamani kwa hilo. Kaa nalo mbali.

PABX yako au ya kukodi?

Ya kukodi inakaa kwenye seva ya mtoa huduma. Unalipa kwa mwezi kwa kila ekstensheni, hununui seva, na fundi wao ndiye anayeamka usiku ikiharibika. Ukifungua tawi Mwanza, unapeleka simu mbili na kuzichomeka kwenye intaneti ya huko. Zinakuwa ekstensheni za ofisi ile ile. Kwa kampuni yenye matawi mengi madogo hili ni jambo kubwa sana.

Udhaifu wake hausemwi kwenye tangazo. Mapokezi anapompigia daktari aliyeko hatua kumi kutoka kwake, ombi linatoka nje ya jengo, linakwenda kwenye seva, linarudi. Kwa kawaida sauti nayo inazunguka huko huko. Kama seva iko Ulaya, piga hesabu: mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo njia ya kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Umetumia sehemu kubwa ya zile 150 kumuuliza mtu wa chumba cha pili kama amemaliza na faili.

Na intaneti ikianguka, hata simu ya chumba kwa chumba inakufa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine. Ofisi yenye PABX yake mwenyewe kabatini siku kama hiyo inapoteza simu zinazopitia ng'ambo, lakini maabara inaendelea kumwita daktari. Laini ya SIP ya kampuni ya ndani ya nchi nayo inaweza kubaki hai, maana njia yake haipiti baharini.

PABX yako nayo ina madai yake. Inahitaji mtu anayeijua, nakala rudufu ya mipangilio, na masasisho. Nimeona mtambo mzuri ukifa kwa sababu fundi aliyeufunga alihama mkoa na hakuna aliyekuwa na nenosiri. Kwa zahanati na hoteli, ambako simu za ndani ndizo nyingi, nachagua PABX ya ndani kila mara, kwa sharti kwamba mipangilio na manenosiri yameandikwa na kukabidhiwa kwa mwenye ofisi. Kwa kampuni ambayo watu wake wako mikoani na karibu kila simu inakwenda nje, nachagua ya kukodi, kwa sharti kwamba seva iko Dar, Nairobi au angalau Johannesburg.

Laini ya intaneti

Faiba ikifika mlangoni, chukua faiba. Sina maelezo zaidi hapo.

Laini ya 4G inabeba simu vizuri asubuhi na kuanza kuyumba jioni mnara ukijaa. Kama ndiyo pekee uliyonayo, badilisha kodeki: G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8, na ukijumlisha maelezo ya safari inakuwa 24. Saa nzima ya maongezi kwa G.711 hula karibu megabaiti 72 za bando, kwa G.729 kama 22. Sauti inakuwa nyembamba kidogo lakini inaeleweka. Jambo jingine la laini za simu za mkononi ni kwamba mara nyingi anwani ya IP unayopewa mnaitumia wateja wengi, kwa hiyo tawi la nje haliwezi kuifikia PABX yako moja kwa moja. Hapo PABX ya kukodi inashinda.

Setilaiti ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Zile za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na sauti ikipanda na kushuka imeshatumia karibu milisekunde 240 upande mmoja. Unaweza kusalimiana, ila huwezi kubishana bei. Za Starlink, zilizofika Rwanda na Kenya mwaka 2023, zinaruka kama kilomita 550 tu, na kwa simu zinafaa kabisa, japo zinaweza kukata kwa sekunde chache mti ukiziba anga.

Kiboksi cha mtoa huduma na vifaa vingine

Kile kiboksi chenye antena watu wanakiita ruta au waifai. Ndani yake mna vifaa vinne hivi: kipokezi cha faiba au modemu, ruta, swichi ya poti nne, na kirushio cha Wi-Fi. Kwa nyumba kinatosha. Kwa ofisi ya simu kumi na tano kinalemewa, na ndipo unapohitaji kujua kila kifaa kinafanya nini ili ununue kinachokosekana tu.

Habu ni babu wa swichi. Pakiti ikiingia poti moja inatolewa poti zote, kila kompyuta inasikia ya kila mtu, na mbili zikituma pamoja zinagongana. Siku hizi ni nadra kuuzwa, lakini bado zinakutwa kwenye makabati ya zamani. Ukiikuta, itoe leo.

Swichi inasoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) ya kila kifaa, inakumbuka nani yuko poti gani, na inapeleka pakiti kwa mhusika peke yake. Kila poti inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kununua.

Ruta kazi yake ni kuunganisha mtandao wako na mitandao mingine. Ndani ya ofisi vifaa vina anwani za binafsi, kama 192.168.1.20, ambazo hazitambuliki nje. Ruta inazibadilisha kuwa anwani moja ya nje. Ubadilishaji huu ndio chanzo cha lalamiko linalojulikana kuliko yote: mteja anakusikia, wewe humsikii. Sababu ni kwamba simu yako, ndani ya ujumbe wa SIP, imeandika "nitumie sauti 192.168.1.20", na mtambo wa upande wa pili unatuma sauti kwenye anwani ambayo kwake haipo. Ruta nyingi zina kipengele kinachoitwa SIP ALG kinachodai kurekebisha hilo, na mara nyingi ndicho kinachoharibu. Kizime, kisha mwambie fundi aiambie PABX anwani yake halisi ya nje. Kwa ofisi nyingi tatizo linaishia hapo.

Sasa swichi ya kawaida au ya kupangika? Ya kawaida unachomeka inafanya kazi, na bei yake ni ndogo sana. Ya kupangika ina ukurasa wa mipangilio ambako unaweza kutenga simu kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile), kuzipa pakiti za sauti kipaumbele, na kuzuia mzunguko. Wengi wanaiona anasa mpaka siku mzunguko utakapowapata. Simu ya mezani ya IP ina poti mbili: moja ya ukutani, moja ya kupitishia mtandao kwa kompyuta iliyo jirani. Mfanya usafi anasogeza meza, anaona kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu la ukutani lililo wazi. Simu sasa imeunganishwa na swichi mara mbili. Tangazo moja, yaani ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote, linaanza kuzunguka bila kikomo, linajirudufu, na kwa muda mfupi ofisi nzima imekufa, kompyuta kwa simu. Swichi ya kupangika inaigundua hali hiyo na kufunga poti moja. Ya kawaida inaacha taa zote ziwake kwa kasi ile ile hadi mtu aanze kuchomoa kebo moja baada ya nyingine. Kuanzia simu nane kwenda juu, nunua ya kupangika.

Hizo poti mbili za simu zina mtego mwingine. Simu nyingi za bei ya chini zina poti za megabiti 100. Ukipitishia kompyuta ndani yake, kompyuta iliyokuwa na gigabiti inashuka hadi 100. Kwa mapokezi haina neno. Kwa anayefungua picha za eksirei kutoka kwenye seva ataliona, kwa hiyo mpe kebo yake peke yake.

Kebo, Wi-Fi au DECT

Simu ya mezani iwe kwenye kebo. Wi-Fi ni hewa moja inayogawanywa. Mmoja akituma wengine kwenye chaneli hiyo wanasubiri. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa Kariakoo majirani wameshazijaza zote. Ukilazimika, tumia 5 GHz.

Kwa nesi au mhudumu wa hoteli anayetembea, wauzaji watakupa simu za Wi-Fi. Mimi nashauri DECT: kituo kidogo kinachochomekwa kwenye swichi, na simu zake zinaongea kwa masafa yao wenyewe, mbali na Wi-Fi. Ndani ya jengo hufika kama mita 50, nje kwenye uwanja wazi hadi 300, na betri inakaa muda mrefu kuliko ya Wi-Fi.

Kebo yenyewe ichague kwa jicho. Kebo ya daraja la Cat5e inatosha kwa gigabiti moja hadi mita 100. Cat6 nzuri kama tofauti ya bei ni ndogo. Cha kuogopa ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo imejaa madukani na boksi lake limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Chukua kipande, menya uzi mmoja, ukwangue na wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, inapata joto ukipitisha umeme ndani yake, na inavunjika kwenye kichwa cha kebo ukiikunja mara chache.

Na umeme ndani ya kebo ndiyo hoja inayofuata.

PoE au adapta

Simu ya IP inaweza kupata umeme kwa adapta yake ukutani au kwa kebo ile ile ya mtandao, iwapo swichi ni ya PoE, yaani inayopitisha umeme ndani ya kebo. Kwa bei ya kununulia adapta inaonekana nafuu. Kwa nchi ambazo umeme unakatika, siifikirii hata kidogo. Simu kumi na tano za adapta ni soketi kumi na tano, na kuzilinda zote na UPS ni kazi isiyowezekana. Kwa PoE unalinda kabati moja.

Hesabu yake ni rahisi. Kiwango cha PoE cha 802.3af cha mwaka 2003 kinaruhusu hadi wati 15.4 kwa poti, lakini simu ya kawaida hula kama 4. Simu kumi ni wati 40. Swichi yenyewe na ruta, weka 20. Jumla 60. UPS ndogo ya mezani yenye betri ya volti 12 na ampia-saa 7 ina wati-saa 84 tu kwenye karatasi. Usitegemee saa nzima. Inveta yenye betri ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu ili usiiue betri, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unapata kama saa nane. Siku nzima ya kazi, simu zinaita kana kwamba hakuna kilichotokea. Angalia pia jumla ya wati ambazo swichi inaweza kugawa: kuna swichi za poti 8 za PoE zenye wati 60 tu kwa poti zote, zinatosha simu nane lakini ukiongeza kamera na kirushio cha Wi-Fi zinaanza kuzima poti.

Kipimo kabla ya kununua simu

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yoyote ya Windows, andika ping -t 8.8.8.8, uache ikimbie. Kisha mwambie mtu apakie video kubwa kwenye intaneti. Kama milisekunde zilikuwa 20 na sasa zinaruka hadi 400, simu zako zitakatika kila mhasibu anapotuma nakala za mwezi, hata ukinunua kifurushi cha juu zaidi. Tatizo ni foleni ndefu ndani ya ruta. Ruta inayoweza kupanga foleni, MikroTik kwa mfano, ikiwekewa kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya kupakia na ikipewa amri ya kutanguliza sauti, inaondoa tatizo hilo. Fanya kipimo hiki saa za kazi, si jioni ofisi ikiwa tupu.

Wezi wa dakika

PABX ikiwekwa wazi kwenye intaneti kwa poti 5060 (mlango wa programu unaotumiwa na SIP, si tundu la kebo), majaribio ya kuiingilia huanza haraka sana. Programu za wezi zinazunguka dunia nzima zikijaribu ekstensheni 100, 101, 102 na nenosiri lile lile la 100, 101, 102. Zikipata, zinapiga namba za bei ghali za nje usiku wa Jumamosi, na bili ni ya mwenye laini. Weka manenosiri marefu, funga simu za kimataifa kwa kila ekstensheni isiyozihitaji, ruhusu poti hiyo kwa anwani ya mtoa laini peke yake, na laini ya SIP iwe ya malipo ya kabla ili hasara iwe na ukomo. Ya kukodi ina nafuu hapa kwa sababu ulinzi wa mtambo ni wa mtoa huduma, lakini nenosiri la ekstensheni bado ni jukumu lako.

Ningenunua nini

Zahanati ya vyumba kumi: swichi ya kupangika ya PoE ya poti 16, PABX ndogo ya ndani, simu za bei ya chini vyumbani, DECT moja kwa manesi, inveta. Laini moja ya SIM ibaki mapokezi kwa ajili ya 112 na siku ambayo kila kitu kimezima. WhatsApp iendelee kwa majibu na miadi, kwa laini ya zahanati.

Hoteli ndogo: hivyo hivyo, ila kwanza tenganisha Wi-Fi ya wageni kwenye VLAN yake. Mgeni mmoja anayepakia video za Serengeti anaweza kunyamazisha mapokezi.

Wakala wa mizigo mwenye watu Dar, Tunduma na Kigoma: PABX ya kukodi, programu ya SIP kwenye simu za mkononi za waliopo mpakani, kodeki ya G.729. Usimnunulie mtu wa Tunduma simu ya mezani ambayo hakai mezani.

Shule: simu nne au tano tu zinatosha, na hapo swichi ya kawaida ya PoE haina ubaya.

Kabla hujasaini na kampuni yoyote ya laini ya SIP, uliza na upate kwa maandishi: namba imesajiliwa kwa jina la nani, ukihama utaondoka nayo au utaiacha, simu ngapi zinaweza kupita kwa pamoja, seva iko mji gani, na nani anapokea simu yako saa tatu usiku namba ikiwa haiiti.